Hindi na Maarifa Yake: Vyakula vya Meksiko na Mahali pa Kuvipata



Juma hili tuzungumze habari za chakula, tena chakula cha nchi iliyo mbali nasi, yaani Meksiko, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Labda mzazi mmoja atauliza: "Bwana mwalimu, vyakula vya Wameksiko vyatuhusu nini sisi watu wa Kongo?" Jibu, mzazi mwenzangu, limo katika chungu cha nyumbani mwako. Unga wa mahindi tusongao ugali, ambao ndugu zetu wa Katanga huuita bukari, ni unga wa mmea uliozaliwa Meksiko. Nyanya tutiayo katika mchuzi, pilipili iwashayo ulimi, maharagwe, na avoka tulilayo kwa chumvi, vyote vililimwa na watu wa nchi ile karne nyingi kabla Mzungu wa kwanza hajafika kwao.

Basi Wameksiko ni kama wakwe zetu. Mkwe si mtu wa nyumba yako, lakini alikupa mke. Si haki kukaa miaka na miaka bila kujua desturi za kwao. Tena liko jambo moja zaidi. Bibi arusi aliyekuja kwetu, yaani hindi, alikuja peke yake. Shangazi yake, ambaye angaliweza kutueleza tabia zake na namna ya kumtunza, aliachwa ng'ambo. Leo nataka tumsikilize shangazi huyo.

Hindi na chokaa

Wataalamu wa mimea wamehakikisha kwamba hindi lilianza kulimwa kusini mwa Meksiko, katika bonde la mto Balsas, yapata miaka 9,000 iliyopita. Mzazi wake ni nyasi moja iitwayo teosinte, ambayo suke lake ni dogo kuliko kidole, lenye punje chache ngumu kama mawe. Wakulima wa kale, msimu baada ya msimu, walichagua mbegu zilizo bora na kuzipanda tena, mpaka nyasi ile ikawa hindi tulijualo. Hata sasa nchini Meksiko wapo jamaa za mahindi karibu 60: meupe, ya manjano, mekundu, ya buluu, na mengine meusi kama makaa.

Lakini Wameksiko hawasagi hindi likiwa kavu kama tufanyavyo sisi. Kwanza mama huyachemsha mahindi makavu katika maji yaliyotiwa chokaa kidogo, kisha huyafunika na kuyaacha usiku kucha. Asubuhi ganda la punje lateleza lenyewe. Huyaosha, na kuyasaga yangali na maji, mpaka yawe donge laini. Zamani walisaga kwa jiwe liitwalo metate, mama akipiga magoti. Siku hizi katika kila mtaa kiko kinu cha mashine. Mahindi yaliyopikwa hivyo huitwa nixtamal, neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, na ndani yake mna neno nextli, maana yake majivu. Hapo twaona kwamba majivu pia yaliweza kuifanya kazi ya chokaa.

Kwa nini taabu yote hiyo? Sababu si ladha tu. Ndani ya hindi imo vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa kama mali ndani ya sanduku. Tumbo la mwanadamu haliwezi kuifungua. Chokaa ndiyo ufunguo. Bibi wa Kiazteki hakulijua neno "vitamini", lakini alijua kwamba hindi lisilopitia chokaa halikamiliki.

Wahispania na Wareno walipolichukua hindi na kulieneza duniani, walichukua sanduku, wakauacha ufunguo. Matokeo yalionekana. Mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal alianza kuandika habari za ugonjwa uliowapata maskini wa Asturias, katika Hispania, ambao chakula chao kikubwa kilikuwa mahindi. Ngozi yao iliwambuka mahali palipopigwa na jua, tumbo likaharisha, akili ikapotea, na wengi wakafa. Waitalia waliuita ugonjwa huo pelagra. Katika majimbo ya kusini ya Marekani ulifisha maelfu ya watu, na wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukizana. Tangu mwaka 1914 daktari Joseph Goldberger alionyesha kwamba sivyo. Asili yake ni chakula kilichopungukiwa. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akatambua kwamba kinachoponya ni niasini. Hivyo wataalamu walihitaji miaka 200 kujua sababu ya jambo ambalo mama wa Meksiko alilitenda kila jioni.

Msidhani hayo ni mambo ya zamani au ya mbali. Mwaka 1990, kati ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, watu zaidi ya 17,000 walishikwa na pelagra. Posho yao ilikuwa mahindi, na karanga walizokuwa wakipewa pamoja nayo zilikuwa zimekatika. Katika Angola, jirani yetu, ugonjwa huo ulitokea mjini Kuito mwaka 1999 na 2000, wakati wa vita. Msiogope, akina mama: nyumba ilayo ugali pamoja na karanga, maharagwe, samaki au nyama haina hatari hiyo. Hatari humjia yule alaye ugali na chumvi, leo, kesho na kesho kutwa.

Hindi lilifikaje kwetu? Wareno walilileta pwani ya Kongo katika karne ya 16. Katika kitabu kilichopigwa chapa mjini Roma mwaka 1591, Filippo Pigafetta aliandika habari alizosimuliwa na Mreno Duarte Lopes aliyekaa katika ufalme wa Kongo. Asema kwamba watu waliliita hindi "masa ma mputo", yaani nafaka ya Ureno, wala hawakulithamini, bali waliwapa nguruwe. Mgeni alipokelewa bila heshima, hata jina la kwao halikujulikana.

Vyakula vyenye sifa

Sasa tukaribie meza yenyewe. Cha kwanza ni tortilla (husomwa "tortiya"). Mama hukata kibonge cha lile donge la nixtamal, hukipiga kati ya viganja mpaka kiwe bapa na mviringo, kisha hukichoma juu ya kikaango cha udongo kiitwacho comal. Tortilla ni ugali wao, ni mkate wao, tena ni kijiko chao. Ukiweka juu yake nyama au maharagwe na kuikunja, umepata taco. Mtu akiijua tortilla amejua nusu ya upishi wa nchi ile.

Cha pili ni tamales. Donge hupigwa pamoja na mafuta ya nguruwe, hutiwa nyama na mchuzi katikati, hufungwa kwa maganda ya hindi, na kupikwa kwa mvuke. Kusini, katika Oaxaca, Chiapas na Yucatán, hufungwa kwa majani ya mgomba. Atazamaye kwa mbali angedhani ni chikwange. Chakula hicho kina siku yake. Tarehe 6 Januari, sikukuu ya Wafalme Watatu, jamaa hukata mkate mmoja mkubwa wa mviringo ambao ndani yake kimefichwa kisanamu cha Mtoto Yesu. Yule ambaye kipande chake kina kisanamu ana deni: tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, lazima awaalike wenzake wale tamales.

Cha tatu ni pozole, supu ya mahindi makubwa meupe yaliyopitia chokaa, yakachemshwa na nyama ya nguruwe mpaka yapasuke kama maua. Mezani kila mtu hujitilia figili, kitunguu, pilipili na ndimu. Katika jimbo la Guerrero siku ya pozole ni Alhamisi. Na nchi nzima huila usiku wa tarehe 15 Septemba, mkesha wa sikukuu ya uhuru.

Cha nne ni mole, mfalme wa michuzi. Jina latoka katika neno la Kinahuatl molli, yaani mchuzi. Mole ya mji wa Puebla hutiwa pilipili kavu za namna tatu au nne, ufuta, lozi, karanga, viungo, tortilla iliyochomwa, na chokoleti kidogo, na huliwa na nyama ya batamzinga, ndege ambaye yeye pia aliwahi kufugwa kwanza huko. Watu wa Puebla husimulia kwamba mchuzi huo ulitungwa na masista wa monasteri ya Santa Rosa, wakimwandalia mgeni mkubwa. Na jiko la monasteri hiyo, lenye vigae vinavyong'aa, laonyeshwa kwa wageni hata leo. Hadithi ni tamu, lakini jina la mchuzi lenyewe latushuhudia kwamba kabla ya masista hao akina mama wa kale walikwisha kusaga pilipili juu ya jiwe. Lozi na ufuta vilikuja kwa merikebu. Pilipili, kakao na batamzinga vilikuwapo. Mole ni ndoa ya pande mbili.

Cha tano ni cochinita pibil ya Yucatán: nyama ya nguruwe iliyopakwa maji ya machungwa makali na mbegu nyekundu za achiote, ikafungwa katika majani ya mgomba, ikazikwa katika shimo lenye mawe ya moto. Cha sita ni taco al pastor, chakula kijana kuliko vyote hivi. Waarabu wa Lebanoni waliohamia Meksiko mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walileta desturi yao ya kuchoma nyama ya kondoo katika chuma kilichosimamishwa wima. Watoto wa nchi wakaigeuza: badala ya kondoo nguruwe, wakaongeza pilipili na achiote, na juu yake nanasi. Hivyo chakula cha wageni kikawa fahari ya mji mkuu.

Tena wako panzi. Naam, panzi! Katika Oaxaca huwakaanga kwa chumvi, vitunguu saumu na ndimu, na kuwauza sokoni katika vikapu. Huitwa chapulines. Wageni wenye fedha hutoka Ulaya na Marekani kuja kuwaonja. Ninyi wanafunzi ambao huficha viwavi na kumbikumbi wa nyumbani mkiona mgeni anapita, lifikirini jambo hili.

Mahali pa kupata chakula chema

Sasa swali la pili: mtu akifika Meksiko ale wapi? Jibu la haraka lingekuwa kumtajia nyumba kubwa zenye vitambaa vyeupe mezani. Lakini jibu la kweli ni hili: lifuate hindi. Palipo na nixtamal iliyosagwa asubuhi ileile, hapo kaa, ule.

Ishara ni rahisi. Tortilla njema hunukia hindi na chokaa, ukiikunja haipasuki. Ile ya unga wa kiwandani, uliokaa ghalani siku nyingi, hukauka upesi na kuvunjika kama jani la zamani. Mwenye duka asagaye mwenyewe huandika neno nixtamal mlangoni pake, kwa kuwa ndilo sifa yake.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni sokoni. Mjini Oaxaca, katika soko liitwalo 20 de Noviembre, iko njia moja yenye moshi mwingi: mnunuzi huchagua nyama mbichi, huchomwa mbele ya macho yake, naye huila pamoja na tortilla, vitunguu na avoka. Humo pia huuzwa mole za namna nyingi, kwani watu wa Oaxaca hujisifu kuwa na mole saba. Katika mji mkuu liko soko kongwe la La Merced, ambalo watu wa kawaida hununua na kula humo. Kando ya masoko ziko fonda, yaani vyumba vidogo vya kulia ambamo mama mmoja na binti zake hupika chakula cha mchana: supu, wali, kitoweo kimoja na kinywaji cha matunda, vyote kwa bei moja.

Mahali pa pili ni pale ambapo mtu hupika kitu kimoja tu. Ajuaye kitu kimoja kwa miaka 30 hashindwi na ajuaye vitu 30 kwa mwaka mmoja. Mfano wake ni El Califa de León, kibanda kidogo cha taco katika mtaa wa San Rafael, mji mkuu, kilichofunguliwa mwaka 1968. Hakina viti, wateja hula wamesimama, taco zake ni za namna nne tu. Mwaka 2024 kitabu cha Michelin cha Ufaransa, ambacho kwa kawaida husifu nyumba za matajiri, kilikipa kibanda hicho nyota. Wengi walistaajabu. Waliozoea kula pale hawakustaajabu hata kidogo.

Tatu, angalia saa na siku. Tamales ni chakula cha asubuhi, mapema, watu wakienda kazini. Chakula kikubwa cha siku ni cha alasiri, kuanzia saa nane hata saa kumi. Taco al pastor ni ya usiku. Cochinita iliwe mjini Mérida, Jumapili asubuhi. Jumapili vilevile ni siku ya barbacoa katika jimbo la Hidalgo, hasa mjini Actopan: kondoo aliyefunikwa kwa majani ya maguey, mmea wa jamaa ya mkonge, na kuokwa shimoni usiku kucha. Anayeomba cochinita Jumanne jioni atapewa kitu, lakini hatapewa cochinita iliyotoka shimoni asubuhi ile.

Nne, angalia watu. Pale penye wenyeji wengi, moto mkali, na chungu kinachokwisha upesi, chakula hakipati nafasi ya kuharibika. Shauri hili si jipya. Padri Bernardino de Sahagún, Mfransiskani, alifika Meksiko mwaka 1529, akafundisha katika chuo cha Tlatelolco kilichofunguliwa mwaka 1536. Pamoja na wanafunzi wake wenyeji aliwauliza wazee habari za maisha yao, wakaziandika kwa Kinahuatl katika vitabu 12, ambavyo leo vimehifadhiwa mjini Florence, Italia. Katika kitabu cha kumi wameeleza wauzaji wa sokoni, na kati yao muuza tamales mwema na muuza tamales mbaya: mmoja huuza chakula safi chenye ladha, mwingine huuza kilichochacha na kuharibika. Miaka zaidi ya 400 imepita, na wauzaji hao wawili tungali tunawakuta katika kila soko duniani.

Meza iliyo hatarini

Ingefaa nimalizie hapa, lakini ningekuwa nimewaambia nusu ya habari. Nchi iliyowapa walimwengu hindi sasa inapigana ili isipoteze meza yake. Wameksiko wamekuwa miongoni mwa watu wanywao soda kuliko wote duniani, na ugonjwa wa sukari ni mojawapo ya magonjwa yanayoua watu wengi kwao. Vyakula vya pakiti vimeingia mpaka vijijini. Kijana atokaye shuleni na njaa hupita mbele ya bibi auzaye tamales, akaenda kununua biskuti na soda, kwa kuwa tangazo limemwambia kwamba hayo ndiyo maendeleo.

Serikali imejaribu kuzuia. Tangu Januari 2014 kila lita ya kinywaji kilichotiwa sukari ilitozwa kodi ya peso moja, na tangu Machi 2025 shule zimekatazwa kuuza vyakula hivyo vibaya. Mwezi huohuo Katiba ya nchi ilibadilishwa ili kukataza kupanda mahindi ambayo mbegu zake zimegeuzwa asili katika maabara, ili zile jamaa 60 zisichanganyike na kupotea. Hata kabla ya hapo, Novemba 2010, kamati ya UNESCO iliyokutana Nairobi, katika Kenya, iliuandika upishi wa kale wa Meksiko katika orodha ya urithi wa wanadamu wote, ikiuchukua mfano wa jimbo la Michoacán. Hivyo ni katika mji wa Afrika kwamba shangazi wa hindi alipewa heshima aliyostahili.

Lakini sheria haisagi mahindi. Nixtamal haikuhifadhiwa na wakubwa. Ilihifadhiwa na akina mama ambao hawakuwahi kuandika jina lao, kila mmoja akimwonyesha binti yake: chokaa kiasi hiki, moto kiasi hiki, sasa ondoa, sasa funika. Mabinti wa mahali fulani wakiacha kutazama kwa kizazi kimoja tu, mnyororo umekatika.

Nasi je? Chakula kina sehemu mbili: mmea, na maarifa ya kuutumia. Zikitengana, chakula huweza kuwa adui. Kwetu tunao mfano unaoumiza kuliko pelagra. Muhogo mchungu una sumu ambayo huondoka ukilowekwa vema majini, siku tatu au zaidi, kisha ukaanikwa. Bibi zetu walilijua jambo hilo. Lakini njaa au haraka ya biashara ikimfanya mtu apunguze siku za kuloweka, na mezani hakuna samaki wala nyama wala maharagwe, huja ugonjwa uitwao konzo: miguu hukakamaa ghafula, wala hairudi tena kama zamani. Habari zake ziliandikwa na daktari Trolli mwaka 1938, kutoka Kwango, nchini mwetu. Na jina hilo ni la lugha ya Kiyaka, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Wanaoathiriwa zaidi ni watoto na akina mama. Siku tatu za maji, basi! Hiyo ndiyo nixtamal yetu. Atakayeidharau kama desturi ya wazee wasiosoma atalipa kwa miguu ya mtoto wake.

Kwa hiyo, wazazi wapenzi, nawasihi mambo mawili. La kwanza: mahindi yasikae peke yake katika sahani ya mtoto. Kisahani cha maharagwe, konzi ya karanga, ndakala wachache, sombe iliyotiwa karanga, vitu hivyo ni ufunguo wetu badala ya chokaa. Wala mtu asichukue chokaa ya kupaka ukutani akaitia chunguni kwa kuiga. Wameksiko hutumia chokaa safi ya chakula, kwa kipimo wanachokijua. La pili: msimfukuze binti jikoni mkisema, "Nenda kasome, kazi hii si ya mtu mwenye cheti." Asome, naam, asome sana, lakini ajue pia kwa nini bibi yake huloweka muhogo siku tatu. Na mvulana naye asikilize, kwa kuwa njaa haichagui.

Nanyi wanafunzi, fanyeni kama walivyofanya vijana wa Tlatelolco. Chukueni daftari, mwende kwa bibi au kwa mzee wa jirani, mkaulize: Chakula gani kilipikwa ulipokuwa mtoto? Kilisafishwaje? Kililiwa na nini, na katika msimu gani? Ni kitu gani kilikatazwa, na kwa sababu gani? Andikeni kwa lugha yake, neno kwa neno, bila kucheka na bila kusahihisha. Msingoje mpaka mzee amelala kaburini, ndipo mseme, "Laiti tungaliuliza."

Hindi limekaa kwetu miaka zaidi ya 400. Lililetwa likidhaniwa la Ureno, likapewa nguruwe, na leo ndilo linalolisha nyumba zetu. Limevumilia mengi. Haifai sasa limwone mtoto wa Kongo akikonda mbele ya sahani iliyojaa, kwa kukosa konzi moja ya karanga.

Kaeni salama mpaka juma lijalo.